Watafiti wa Afya Wakija Kijijini: Semeni Kabla ya Sampuli Kuchukuliwa

Najua wengi mnafungua ukurasa huu kutafuta dawa ya viwavijeshi, nafasi za kupanda au mwenendo wa bei ya mahindi. Leo nimeyaweka hayo pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu utafiti wa afya, na nakuomba usome mpaka mwisho, maana jambo hili linagusa shamba lako, ghala lako, mzani wako na watoto wako.

Karibu kila mwaka kijiji kimoja au viwili katika kata ninayofanyia kazi hupata wageni wenye gari, vishikwambi na masanduku ya baridi. Hupima urefu wa watoto, huchota unga, hutoa damu kidogo, huuliza maswali mengi, kisha huondoka. Baada ya hapo wananchi hunisimamisha mimi njiani: "Bwana shamba, wale watu majibu yetu wameyapeleka wapi?"

Ni swali la haki kabisa. Ila kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii nimeona kuna swali linalolitangulia, na wachache sana huliuliza: nani aliamua kipimwe nini, kwa nani, na mwezi gani? Mwananchi akisema neno lake hapo mwanzo, utafiti huja na majibu yanayomfaa. Akinyamaza hapo, hata mrejesho ukiletwa kwa ngoma na vigelegele, utakuwa ni jibu la swali la mtu mwingine.

Kwa nini bwana shamba anaandika habari za damu na vipimo

Ni kwa sababu ya sumukuvu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanaijua. Kwa wageni nieleze kwa ufupi. Kuna kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, shambani na ghalani, hasa zao likipigwa na ukame au likihifadhiwa likiwa na unyevu. Kuvu hao hutoa sumu. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi ini huharibika na anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, hatari ya saratani ya ini huongezeka, na kwa watoto inahusishwa na udumavu.

Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 kati yao wakafariki kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ukatufikia na sisi, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tangu hapo watafiti wa afya na sisi wa kilimo tunakutana kwenye nyumba moja. Wao wanataka kujua mtoto amekula nini. Mimi najua chakula hicho kilivunwa lini na kilianikwa wapi. Kwa hiyo barua ya utafiti ikifika ofisi ya kata, mara nyingi naitwa kuwaongoza wageni. Haya ninayowaandikia nimeyaona nikiwa nao.

Kikao kilichobadilisha ratiba

Miaka michache iliyopita ilikuja timu ya kuchunguza sumukuvu kwenye chakula cha watoto wadogo. Mpango wao ulikuwa umepangwa vizuri kwenye karatasi: kaya zichaguliwe kwa bahati nasibu, wafike mara moja mwezi Julai, wachote unga, wachukue damu kidogo ya mtoto, wajaze dodoso, basi. Kilichonipendeza ni kwamba kabla ya kuanza waliomba kikao. Na mwenyekiti wetu wa kijiji, ambaye kichwa chake kinafanya kazi, hakuita wajumbe wa serikali ya kijiji peke yao. Aliita pia mhudumu wa afya, mwenye mashine ya kusaga, mama mmoja anayenunua na kuuza mahindi, akina mama watatu wenye watoto wanaonyonya, na mzee mmoja ambaye hakuna kikao anachohudhuria bila kupinga jambo.

Mtafiti kiongozi, dada wa makamo, alieleza mpango wake kwa Kiswahili chepesi, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Mwenyekiti akawageukia akina mama: "Wanaopika ni ninyi. Mnasubiri nani awasemee?"

Mmoja akasimama, mtoto mgongoni. "Dada yangu, Julai sisi tunakula mahindi mapya. Mazuri kabisa, hata ukiyatazama unatamani. Yenye shida tunayala kuanzia Januari, yakiwa yamebaki ya chini ya kihenge. Julai tunachambua, yaliyooza tunawapa kuku. Januari nani anachambua? Njaa iko mlangoni."

Mtafiti akaacha kuandika akamtazama. Kisha akaandika zaidi.

Mwenye mashine naye akasema lake. "Dodoso lenu linauliza ugali. Mtoto wa mwaka mmoja hashibi ugali, anakunywa uji wa lishe. Na ule uji una karanga. Mimi ndiye ninayesaga, nawaambia ukweli: karanga nzuri zinakwenda kwa mnunuzi, zinazoletwa kusagiwa mtoto ni zile zilizosinyaa." Wote tukacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, kwa sababu kila mmoja alijua ni kweli. Mimi kama bwana shamba nilijua jambo la ziada: karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana na kuvu hao, na zile zilizosinyaa na kubadilika rangi ndizo za kuogopwa zaidi.

Yule mama wa biashara akamalizia. "Februari hapa kijijini nusu ya watu wananunua. Mahindi ninayowauzia nayatoa minadani, yamechanganyika ya vijiji vitatu, vinne. Mkichota unga wa Februari kwenye nyumba ya mtu mkaandika kwamba ni shamba lake, mtakuwa mmemsingizia."

Tazama sasa, ndugu msomaji. Watu watatu, hakuna hata mmoja aliyesoma maabara, walionyesha kwamba mpango ule ungekosea mwezi, ungekosea chakula, na ungekosea chanzo cha mahindi. Wale watafiti walikuwa mabingwa wa kupima sumu. Kalenda ya njaa ya kijiji chetu hawakuwa nayo, wala isingepatikana kwenye kitabu chochote.

"Mtoto wangu aendelee kula na nyie mnajua?"

Kikao kilikuwa kizuri mpaka hapo. Kikawa kigumu lilipoulizwa jambo jingine. Mama wa pili aliuliza majibu ya unga yatatoka lini. Mtafiti akasema vipimo vyote vitafanywa kwa pamoja mwishoni mwa utafiti, na matokeo yataletwa kijijini baada ya hapo. Mama akahesabu miezi kwa vidole.

"Yaani unga wangu ukiwa na sumu, mtoto wangu aendelee kuula mpaka mwakani, na nyie unga wake mnao?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mtafiti alijibu kwa uungwana kwamba hata wao watakuwa hawajui mpaka maabara ipime, na kwamba kupima kidogo kidogo kunaongeza gharama. Ndipo yule mzee mpinzani akasema: "Mjukuu wangu, gharama ya kupima ni yako. Gharama ya kungoja ni ya huyu mama. Pimeni kwa mafungu."

Akaongeza na suala la damu. Alitaka kujua inatolewa kiasi gani, inalala wapi usiku, na kama inavuka mpaka. Msimlaumu. Sote tumekulia kwenye hadithi za mumiani na chinjachinja, na hofu ya damu kubebwa usiku na gari geni haiondolewi kwa kuambiwa "msiogope". Mtafiti alitoa kichupa mfukoni akakizungusha mkono kwa mkono, akaonyesha mstari ambapo damu itafika. Akasema wazi kwamba sehemu ya sampuli huenda ikapelekwa maabara ya nje, kwa kibali. Mzee akataka hilo liandikwe kwenye fomu ya ridhaa na pia lisomwe kwa sauti, kwa kuwa si wote wanaosoma, na mzazi asiyetaka sampuli ya mwanawe itoke nchini awe na nafasi ya kukataa.

Timu iliondoka bila kuahidi kila kitu. Baada ya majuma kadhaa walirudi na mpango uliorekebishwa. Sampuli zingechukuliwa mara mbili, Julai na Februari. Uji wa lishe na karanga viliingizwa kwenye dodoso, pamoja na swali la chakula kimetoka wapi: shambani, dukani au mnadani. Unga ungepimwa kwa mafungu, na kaya yenye kiwango cha hatari ingefuatwa mapema na mhudumu wa afya na mimi, kwa faragha. Somo la kuanika na kuchambua lingetolewa kwa kijiji kizima baada ya sampuli ya Februari, kabla ya mavuno mapya. Hapo palikuwa na mabishano: sisi tulitaka somo litangulie, wao wakaeleza kwamba tukibadilisha mazoea kabla ya kupima, hawatajua hali halisi ilikuwaje. Tulikubaliana kwa sababu suala la kaya zenye hatari lilikuwa limeshapata jibu. Lisingepata, nadhani kijiji kingekataa, na kingekuwa na haki.

Kijiji pia kiliomba chumba cha kujifungulia kwenye zahanati. Jibu lilikuwa hapana, bajeti ya utafiti haijengi. Liliumiza kidogo, lakini lilisemwa mwanzoni, kwa uwazi, na hakuna aliyebaki na kinyongo cha ahadi hewa.

Matokeo ya kitaalamu sitayataja hapa, hayo ni ya watafiti wenyewe kuyatangaza. Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: baadhi ya kaya tulizifuata kweli, na nilikaa kwenye mkeka na mama mmoja tukichambua karanga zake debe zima, tukitoa zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye rangi ya ajabu. Siku ya mrejesho uwanja ulijaa. Na mvunaji wa mwaka uliofuata aliyekuwa akianika chini kwenye udongo alianza kuazima turubai kwa jirani. Watu hujali jibu la swali walilolitunga wenyewe.

Utafiti uliokuja bila kuuliza

Nimeona pia upande wa pili. Timu nyingine, mwaka mwingine, mada ya maji na usafi, ilifika katikati ya palizi. Nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa, watu wamehamia kwenye vibanda vya mashamba ya mbali. Wakahojiwa waliokutwa: wazee, wagonjwa, na wenye maduka ambao hawaondoki. Kila aliyejibu alipewa kipande cha sabuni. Walipoulizwa kama wanachemsha maji ya kunywa, wengi walisema ndiyo. Mgeni amekuja na sabuni, utamwambiaje hapana?

Mimi najua kuni zinatoka wapi na zinabebwa na nani. Najua maji yanayochemshwa pale ni ya chai. Lakini kwenye karatasi kijiji kinaonekana kinachemsha maji. Karatasi hiyo ikifika kwa mtu anayepanga bajeti ya visima, ataona kwetu hakuna haraka. Hakuna aliyeibiwa kwa bunduki hapo, lakini kijiji kimepoteza. Utafiti mbovu hauishii kupoteza muda wa watu. Huenda ukaamua kisima kichimbwe wapi.

Si kwetu tu

Usidhani haya ni mambo ya kijiji kimoja. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta kwamba wananchi walikuwa na majina kadhaa ya homa, na degedege halikuhesabiwa kuwa sehemu ya malaria. Wengi waliliona kama ugonjwa wa aina yake unaotokana na mambo ya pepo, ambao tiba yake ni kwa mganga wa jadi. Ukimwambia mama "mtoto mwenye malaria mpeleke hospitali", amekuelewa vizuri na bado mtoto wa degedege hataletwa. Bila kusikiliza maneno ya watu, ujumbe wote wa afya ungekuwa unapita pembeni ya mtoto anayehitaji msaada zaidi.

Bonde la Kilombero ndiko kwenye mfano ninaoupenda zaidi. Wataalamu wa mbu waliwapa wanakijiji ramani zilizogawanywa kwa miraba, wakawaomba waonyeshe wapi mbu ni wengi na wapi ni wachache. Kisha wakatega mitego kuhakikisha. Mitego ikakubaliana na wanakijiji. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016. Mtu anayekaa na mbu kila usiku anajua wanakotoka, na kumuuliza ni nafuu kuliko kutega mitego kila mahali.

Bonde hilohilo, wilaya za Kilombero na Ulanga, ndiko ulikofanyika mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa ulioanza miaka ya 1990 kwa jina la Zuia Mbu. Wahusika walitafuta kwanza maoni ya wananchi, na wauzaji wa vijijini walikuwa sehemu ya mnyororo wa kufikisha vyandarua kwa watu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Mfanyabiashara, kumbuka hilo siku ukiambiwa afya si mambo yako.

Kule Kilifi, pwani ya Kenya, kuna kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1989. Huko upo utaratibu wa wawakilishi wanaochaguliwa na wananchi, ambao hukutana na watafiti, huelezwa mipango na kutoa maoni ya watu wao. Siyo kila kitu kimenyooka, maana mwakilishi hujikuta kati ya jirani zake na wageni wenye ofisi. Lakini ni utaratibu unaoishi miaka yote, hauanzi gari linapofika na kuisha linapoondoka.

Mambo ya kufanya barua ya utafiti ikifika kwenu

1. Ulizeni vibali. Hapa Tanzania Bara utafiti wa afya kwa binadamu unapaswa kuwa na kibali cha maadili, na chombo cha taifa ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kwa kawaida wageni hupitia pia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji. Anayekuja moja kwa moja nyumbani kwako bila barua, mpeleke ofisi ya kijiji. Anayekudai hela ya kujiandikisha kwenye utafiti ni tapeli.

2. Ombeni kikao kabla ya kazi kuanza. Kikao cha kuambiwa "tunaanza kesho" hakitoshi. Mnahitaji kikao ambacho mpango bado unaweza kubadilishwa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu, utumieni.

3. Chagueni wawakilishi kwa kazi ya jambo lenyewe. Utafiti wa chakula cha watoto unahitaji wanaopika, wanaosaga na wanaouza. Utafiti wa homa za mifugo unahitaji wachungaji. Pelekeni mtu anayejua, hata kama hajazoea kuongea mbele za watu, na mwenyekiti amfungulie njia kama alivyofanya wetu. Akina mama wakiogopa kusema mbele ya wanaume, wakae kikao chao kwanza.

4. Mwakilishi asigeuke mpiga debe. Posho na fulana ni vitu vizuri, ila mtu akishavaa fulana ya mradi huanza kuwashawishi jirani zake wakubali. Kazi yake ni kupeleka maneno pande zote mbili, pamoja na maneno ya "hatutaki".

5. Wapeni kalenda yenu. Waambieni lini mnalima, lini mnavuna, lini ni miezi ya njaa, lini watu wanahamia mashamba ya mbali, siku ya mnada ni ipi. Jambo hili peke yake linaokoa utafiti mzima.

6. Ruhusa ya kijiji haikufungi wewe. Mwenyekiti anaweza kuruhusu timu iingie, lakini damu ya mwanao inatolewa kwa ridhaa yako. Una haki ya kuomba usiku mmoja wa kufikiri, kushauriana na mwenzako au mama mkwe, kukataa, na kujitoa baadaye bila kunyimwa huduma ya zahanati. Usiweke dole gumba kwenye fomu ambayo hujasomewa.

7. Ulizeni haya matano, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao: Mnatafuta jibu la swali gani? Sampuli zitakwenda wapi na zitakaa muda gani? Mkikuta mtu ana hatari, mtamwambia ndani ya siku ngapi? Tukipata madhara, nani atatibu? Mrejesho mtaleta lini, na kwa lugha gani?

8. Fuatilieni mrejesho. Mtendaji aandike tarehe iliyoahidiwa. Ikipita, kijiji kiandike barua kupitia halmashauri. Mtafiti mwenye nia njema atashukuru kukumbushwa.

Neno kwa wafanyabiashara

Najua hofu yenu, na si ya kijinga. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa zuio liliondolewa kwa masharti baada ya siku chache, waliokuwa na malori barabarani wanajua walichokipata. Kwa hiyo mtu akija na kijiko kuchota mahindi ya ghala lako, moyo unashtuka.

Ushauri wangu ni kwamba usimfukuze. Mwambie masharti yako kwenye kikao, kama alivyofanya yule mama wa kwetu. Yeye aliomba sampuli za madukani na ghalani ziandikwe namba badala ya majina, majibu yake apewe yeye mwenyewe, na siku ya mrejesho pasitajwe ghala la mtu. Walikubali, kwa sababu bila wauzaji picha yao isingekamilika. Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na anayejua mzigo wake uko wapi ana nafasi ya kubadilisha mahali anaponunua kabla mnunuzi mkubwa hajamkataa. Yule mama siku hizi hapokei gunia bila kuingiza mkono hadi katikati, na mkulima anayemletea mahindi mabichi anamrudisha akaanike. Wakulima wanamnung'unikia. Watoto wao wanakula mahindi hayohayo.

Wakati mwingine watafiti nao husoma kurasa kama hizi. Kwao nina ombi dogo. Mkija kwetu, njooni na mpango ambao bado una nafasi ya kufutwa na kuandikwa upya, na bajeti yenye fungu la kurudi. Na msione kimya cha kwanza mkadhani watu hawana la kusema. Watu wa kijijini hupima kwanza kama anayewauliza anataka kweli kujua.

Na wewe msomaji wangu, kama kijijini kwenu kuna barua ya utafiti mezani kwa mtendaji, nenda leo ukaulize kikao ni lini. Ukiwa na swali la sumukuvu, kuanika au kuhifadhi, niandikie hapa chini, nitajibu. Toleo lijalo tunarudi ghalani: nitaeleza jinsi ya kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi na chupa kabla ya kuyatia kwenye mifuko.